Boksi Lililosaga Asubuhi

Gari langu lilianza kusaga gia baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, na wa kwanza kulaumiwa nilikuwa mimi. Baba alisema nakanyaga klachi kama mtu anayepima maji ya mto kwa unyayo. Aliyasema hayo gerejini kwake, Makanyagio, mbele ya wateja, wateja wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu mtu hamjibu baba yake mbele za watu. Moyoni nilichemka. Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kukanyaga hiyo klachi nikiwa binti, mkono wake wa kulia juu ya mkono wangu wa kushoto kwenye kijiti cha gia, akinisukumia gia moja moja mpaka nikaacha kuogopa.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu. Napeleka chumvi, sabuni na sukari kwenye maduka ya Katumba, narudi na mahindi na maharage. Wanaume wa stendi walichoka kunishangaa zamani, sasa wananiombea tu pancha. Kuhusu gari najua kiasi cha kutotapeliwa, na hicho kiasi chote nilikipata kwa baba.

Baba alikuwa fundi wa giaboksi. Mpanda kuna mafundi wa injini, wa breki, wa bodi, wa umeme, na wengine wa kila kitu ambao ndio wa kuogopwa zaidi. Lakini boksi likisumbua, iwe la lori la tumbaku au la gari la mtu binafsi, hata wao waliliburuza kwa baba. Watu walikuwa na msemo wao: boksi la mzee halirudi. Maana yake akishalifunga hulileti tena gerejini kwa ubovu uleule. Hakuwa na kiwanja cha maana wala mashamba, alikuwa na huo msemo. Alipopita sokoni watu walimwita fundi, hawakumwita kwa jina, na nilikuwa naona anavyonyooka mgongo. Ukimwondolea hilo sijui ungembakizia nini.

Langu lilikatika jino la gia ya tatu nikiwa na magunia ya maharage. Akalishusha, akatafuta gia nyingine, akalifunga upya. Kitu kimoja kilikuwa kigeni. Kwa kawaida baba hufungia boksi uwanjani, watu wamemzunguka, simulizi zinakwenda, anamcheka huyu na kumtania yule huku vidole vyake vinafanya kazi kama havimhusu. Safari hii alitundika turubai akakaa nyuma yake peke yake. Nilidhani ni jua. Nilipomletea chai aliniambia niiweke chini, pale nje, atakuja kuichukua.

Na boksi likasaga. Sauti yake ilikuwa ya kijiko cha chuma kinachokwangua sufuria ya ugali iliyoungua, ila hii huisikii kwa masikio tu. Inapanda na kijiti cha gia, inaingia kiganjani, inafika kwenye kiwiko, na meno yako mwenyewe yanauma. Ilikuwa hasa gia ya pili, mara chache ya tatu. Kila nilipotoka nyumbani asubuhi majirani walijua nimetoka.

“Boksi jipya hilo,” baba alisema. “Vyuma havijazoeana. Vumilia.”

Nikavumilia. Vyuma havikuzoeana.

“Basi ni klachi. Ni huo mguu wako.”

Hapo nilikasirika kikweli, na hasira yangu ina faida moja, inanifanya nifikiri. Baba mwenyewe alinifundisha jinsi ya kujua. Gari likiwa limesimama linanguruma, kanyaga klachi mpaka chini, subiri kidogo, kisha ingiza rivasi. Rivasi haina ringi ya shaba ya kuituliza kama gia nyingine, kwa hiyo klachi ikiwa haiachii vizuri, rivasi ndiyo hupiga kelele ya kwanza. Nikafanya hivyo uani kwetu. Rivasi iliingia kimya. Nikarudia, ikaingia kimya tena. Kwa hiyo klachi ilikuwa nzima, na mguu wangu ulikuwa mzima, na wale wateja waliocheka wangeniomba radhi kama ningekuwa na nafasi ya kuwatafuta.

Kilichobaki ni ndani ya boksi. Nikaanza kulisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto mwenye homa, lini inapanda, lini inashuka. Ndipo nikagundua kitu ambacho hakikuniingia akilini. Asubuhi linasaga. Nikifika Katumba limepungua. Mchana narudi na mzigo, boksi la moto huwezi kuliwekea mkono, na gia ya pili inaingia vizuri kuliko hata ilivyokuwa kabla ya kuharibika. Kesho yake asubuhi, kelele zilezile. Kitu kilicholika hakiponi mchana na kuugua asubuhi.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kazi, spana mkononi.

“Baba, linasaga likiwa la baridi tu. Likipata moto linanyamaza.”

Akaiweka spana mezani, na ile spana iligonga mbao mara kadhaa kabla ya kutulia.

“Basi uwe unalipasha moto kwanza,” akasema, akanigeuzia mgongo.

Nilidhani nimemuudhi. Nilikuwa nazijua hasira za baba, nilizirithi zote, na niliona hii ni mojawapo.

Nyumbani mambo mengine yalikuwa yameanza kubadilika, ila yalibadilika kwa upole kiasi kwamba hakuna aliyepiga ukelele. Mama alikuwa anamjazia baba chai nusu kikombe. Nikimuuliza, anasema mzee hapendi ipoe, bora aongezewe. Baba aliacha mashati ya vifungo akawa anavaa fulana na koti juu, mikono mfukoni, hata jua likiwa la kuchoma. Alipokuwa akila alikaa upande wa ukutani. Sijilaumu kwa hilo na sitaki mtu anilaumu. Nani anakagua kikombe cha baba yake?

Kilichoniondolea uvumilivu ni ule mteremko wa mtoni. Nililala Katumba kwa shangazi wa marehemu mume wangu, nikapakia alfajiri, na asubuhi nikaanza safari. Juu ya magunia walipanda wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni Mpanda, mmoja na mtoto mgongoni. Ukiacha vile vijiji kuna mteremko unaokwenda kwenye daraja la mbao. Mteremko ule unaushuka kwa gia ya pili, kwa sababu breki peke yake na mzigo ule hazitoshi. Nikatoa ya tatu, nikasukuma ya pili. Ikakataa. Nikasukuma tena, ikapiga ule ukelele, ikanitupa mkono. Gari halikuwa na gia yoyote, linajishukia kama gogo. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikavuta ya mkono, harufu ya breki ikajaa, na tukasimama tairi moja la mbele likiwa limekwishaacha mbao za daraja.

Mwanamke mmoja alikuwa anamshukuru Mungu kwa Kirundi, lugha ya wengi wa Katumba, chini chini, maneno yaleyale. Yule mwenye mtoto alishuka, akamkaza mtoto wake kwa kitenge, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Mpanda bila kuniangalia. Sikumwita, kwani ningemwambia nini. Nilikaa kwenye usukani, na nilichokiwaza, Mungu anisamehe, ni maneno matatu tu: boksi la mzee.

Sikulipeleka kwa baba. Nililipeleka karibu na stesheni ya reli, kwenye gereji ya mwanafunzi wake. Mtu mzima huyo sasa, ana mke na watoto, lakini alikulia mikononi mwa baba, amekula ugali wa mama yangu miaka mingi, na ananiita dada bila kujilazimisha. Akaliendesha gari kidogo, akarudi. Akaingia chini yake, akafungua nati ya kumwagia oili, akakinga kiasi kwenye kopo. Ilitoka nyeusi, ya moto, ya kawaida kabisa.

“Tuiache ipoe, dada,” akasema.

Tukanywa chai, tukaongea habari za mahindi. Kopo lilikaa kivulini. Baadaye akalifuata, akachungulia, akaniita. Juu ya oili kulikuwa na utando, kama ule wa uji ukipoa. Akaugusa kwa bisibisi ukakunjamana. Alipouinua puani uso wake ukabadilika, akanipa na mimi ninuse. Chini ya harufu ya oili kulikuwa na harufu niliyoijua tangu utoto. Babu yangu alikuwa mrina asali, Mkonongo wa kule Inyonga, mizinga yake ilikuwa ndani kabisa ya pori. Nyumbani kwetu hapakukosekana donge la nta jikoni.

“Nta?” nikauliza.

“Nta.”

“Nta inatafuta nini ndani ya boksi?”

Alikuwa anaangalia kopo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mzee siku hizi mkono wake ukoje?”

“Mkono wake umefanyaje?”

“Basi tu, dada.” Akafuta bisibisi kwenye suruali. “Hii boksi siwezi kuifungua mimi. Ya mzee hii. Mpaka awepo.”

Huo ndio utaratibu wao. Boksi lililofungwa na fundi mwingine, tena aliyekufundisha, hulifungui akiwa hayupo. Anaalikwa, anawekewa kiti, linafunguliwa mbele ya macho yake, ili asije mtu kusema umemharibia kazi au umemsingizia. Ni heshima. Siku ile niliona pia kwamba heshima inaweza kuwa ukatili, maana unamwalika mtu aje atazame kosa lake likivuliwa nguo.

Nilikwenda kumwalika mimi. Alikuwa ameketi uani kwenye jua la asubuhi, mikono ameibana katikati ya mapaja.

“Baba, mwanafunzi wako anataka kulifungua boksi. Anakuomba uwepo.”

“Amesema ni nini?”

“Hajasema.”

“Amesema, mama.” Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. “Niambie.”

“Amesema kuna nta.”

Mama alikuwa anapepeta mchele kibarazani. Ungo ulisimama. Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni na sasa amesikia hodi.

“Niletee koti,” akamwambia mama.

Tukaondoka na pikapu. Gia ya pili ilisaga tulipoacha lami, na hakuusema mguu wangu.

Tulipofika, vijana wa gereji walilishusha boksi, wakalilaza juu ya gunia safi mezani. Yule fundi alikuwa ameosha mikono mpaka kwenye viwiko kama anayekwenda kusali. Akamsogezea baba kiti, akainama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Fungua.”

Akafungua. Alitoa kifuniko, akatoa shafti inayobeba gia, akaanza kuzivua moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa mstari. Kila mahali palikuwa na rangi ya manjano iliyochafuka. Ilikuwa imejaa kwenye kona, imeganda kwenye mashimo ya kupitishia oili, imebana kwenye vipande vidogo vya chuma vinavyoshikilia ringi.

Alianza kunieleza mimi, si baba, na nilijua ni kwa adabu. Akachukua ringi ya shaba ya gia ya pili akaiinamisha niione kwa ndani. Kuna mifereji midogo sana mle, kama mistari ya santuri. Gia inapoingia, ringi hii inaishika kwanza, inaipunguza mwendo mpaka vyuma viwili viende sawa, ndipo meno yaingiliane. Ile mifereji ndiyo inayokwangua oili ili shaba iume chuma. Kwenye ringi yangu mifereji ilikuwa imezibwa na nta. Asubuhi nta ni ngumu, ringi inateleza, haishiki kitu, meno yanakutana kabla hayajapatana. Mchana boksi likipata moto nta inayeyuka, ringi inashika. Usiku inaganda tena.

“Umemweleza vizuri,” baba akasema kutoka kwenye kiti. “Sasa sema kosa ni nini.”

“Kosa ni nta, mzee.”

“Kosa la nani?”

Yule mtu mzima akaangalia chini kama mtoto wa shule. “La baridi, mzee.”

“Baridi haifungi boksi.”

Fundi akaendelea mpaka kwenye beringi za sindano. Hizo ni vijiti vya chuma, vyembamba kama njiti za kiberiti na vifupi kuliko njiti, vinavyopangwa kimoja kimoja kuzunguka tundu, vikae wima vikiegemeana mpaka shafti iingie katikati. Vinashikizwa kwa grisi kidogo. Ni kazi ya kidole kitulivu. Kikiyumba, kimoja kinaanguka, na kimoja kikianguka vinafuatana vyote. Baba alikuwa anaifanya huku anaongea habari za uchaguzi.

Humo, mahali joto halikufika vizuri, nta ilikuwa nene kuliko kwingine. Fundi aliichokoa ikatoka kama donge, akaliweka juu ya gunia. Nililichukua. Upande mmoja palikuwa na alama za sindano, zimepinda, nyingine zimelaliana. Upande wa pili palikuwa na alama ya dole gumba. Haikuwa alama moja. Zilikuwa nyingi, moja juu ya nyingine, zimesogea kushoto, zimesogea kulia, zimekandamizwa tena palepale, mpaka mistari ya dole ikavurugana na usijue ipi ya kwanza na ipi ya mwisho.

Ndipo nikaelewa. Spana iliyogonga meza, nusu kikombe, fulana, turubai, vyote vilinijia kwa pamoja.

“Grisi ilikuwa inanikataa,” baba akasema. Alikuwa haongei na mtu maalumu. “Naziweka, zinaanguka. Naziokota, zinaanguka. Nimekaa nyuma ya lile turubai naokota sindano kama kuku. Nta inakusubiri. Ukiibandika inashika, hata mkono ukiwa…”

Hakumaliza. Akatoa mkono wa kulia kwenye mfuko wa koti akauweka gotini, wazi, tuuone. Ulikuwa unatikisika. Haukuwa mtikisiko wa uchovu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, bila kupumzika, kama mtu anayehesabu punje zisizokwisha, na yeye mwenyewe alikuwa anavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

“Mama anajua?” nikauliza.

“Mama yako ndiye anayenifunga vifungo vya suruali.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba aliumbuliwa na boksi, na lilikuwa boksi la mwanawe. Nisingependa kusema nilimhurumia kwanza, kwa sababu si kweli. Kwanza nilikasirika. Nilikasirika kwamba aliusingizia mguu wangu mbele ya watu akijua. Nilikasirika kwa ajili ya lile daraja la mbao na yule mtoto mgongoni kwa mama yake. Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama, nikaona ameketi wima kabisa kwenye kile kiti cha heshima, mgongo umenyooka kama anavyopita sokoni, na mkono unacheza gotini. Nikalia badala yake.

“Usilie gerejini,” akasema. “Watu watadhani gari limekufa.”

Baadaye tulimpeleka hospitali, na daktari akaueleza ule ugonjwa kwa maneno mazuri. Unaanzia kichwani, si mkononi. Kuna vidonge vya kuutuliza, vya kuuponya hakuna, na utakwenda mbele kwa mwendo wake. Baba aliuliza swali moja tu, kama vidonge vitamrudishia mkono wa sindano. Daktari hakuelewa ni sindano gani, akadhani anaogopa kuchomwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile kazi ilikuwa bado. Yule fundi aliosha kila kitu kwa petroli na mswaki wa zamani, ringi baada ya ringi, mpaka shaba ikang'aa na mifereji ikaonekana. Kisha akasimama mbele ya baba na kikopo cha grisi.

“Mzee, nifunge mimi, wewe uniangalie?”

“Kwani ulidhani nani atafunga?”

Sauti ilikuwa kali. Fundi akaanza kupanga sindano. Grisi kidogo, kijiti, grisi kidogo, kijiti. Baba alimkosoa mara moja kwamba anaweka grisi kama anapaka mkate. Akaendelea. Ilipobaki sindano ya mwisho, ile inayoingia kwa kubana na kuzifunga zote zisianguke, fundi akasita. Kwa mafundi hao hiyo ya mwisho huwa ni ya fundi aliyelifunga boksi kwanza. Akaishika kwa ncha za vidole akampelekea baba kwenye kiti.

Naamini alikusudia heshima. Mpaka leo sijui kama ningemzuia.

Baba aliipokea. Akainuka, akafika mezani, akainama juu ya lile tundu. Mkono wa kushoto ukaukamata wa kulia kwenye kifundo na kuubana. Sindano ikaenda, ikagusa ukingo wa tundu, ikagonga gonga chuma kwa sauti ndogo sana. Ikaanguka vumbini, karibu na kiatu chake.

Hakuna aliyeinama. Aliitazama pale chini, kisha akamtazama mwanafunzi wake.

“Okota,” akasema.

Yule akaokota, akaifuta, akaiingiza mwenyewe. Ikabana na sindano zote zikasimama. Baba alirudi kwenye kiti, akarudisha mkono mfukoni, na hakukosoa tena kitu chochote mpaka boksi likafungwa na kurudishwa garini.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipotoka kulijaribu. Boksi lilikuwa limekaa nje siku nzima, limepoa, na oili mpya nayo ilikuwa ya baridi. Kama bado kulikuwa na ubovu ungesikika hapo hapo. Baba alipanda upande wa abiria. Yule fundi aliufunga mlango taratibu akabaki amesimama, ameshika kofia yake.

Nikatoka na ya kwanza. Tulipofika kwenye vumbi la kuelekea Makanyagio nikakanyaga klachi mpaka chini.

Nitasema nilichokitaka wakati ule, kwa sababu ni kweli. Nilitaka lisage. Likisaga, kosa litakuwa bado liko kwenye chuma. Itakuwa ni ringi, au gia iliyolika, au yule fundi amekosea na nta haikuwa na maana yoyote, na baba atalifungua kesho mbele ya watu na kutucheka wote wawili. Chuma kikiharibika kuna kingine. Nilisukuma kijiti nikiomba ule ukelele kama nilivyokuwa naomba unyamaze.

Gia ya pili ikaingia. Haikutoa sauti hata kidogo.

Baba alisikia. Fundi wa boksi husikia kimya kuliko kelele. Alitazama mbele kwenye vumbi, bodaboda zikitupita pande zote mbili.

“Mguu wako hauna neno,” akasema. “Haukuwahi kuwa na neno.”

Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya mkono wangu wa kushoto, pale kwenye kijiti cha gia, kama alivyokuwa akiuweka nilipokuwa binti. Sijui kama alitaka kunifariji au alitaka tu kuusikia mwendo wa boksi kwa mara nyingine. Chini ya kiganja changu chuma kilikuwa kimetulia kabisa. Juu ya mgongo wa mkono wangu ulikuwa mtikisiko, unasugua na kusugua, unapanda mpaka kwenye kiwiko.

Barabara ilikuwa tambarare, na gari lilikuwa linaomba gia ya tatu. Injini ililia. Siku nyingine yoyote angenipigia kelele kwamba naua injini ya watu. Siku ile aliiacha ilie, na mimi sikubadilisha, kwa sababu nilihofia nikibadilisha angeondoa mkono. Tulikwenda na ya pili mpaka nyumbani.